Fazi Iliyomfukuza Mpiga Besi

Mpiga besi wetu aliondoka Jumapili moja jioni, hapahapa Sombetini, bila kugombana na mtu. Alizungusha waya wake, akaufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu, akalitia gitaa mfukoni na kusema: "Washikaji, mimi naona hamnihitaji." Tulidhani anatania. Tulikuwa wanne tu, katika chumba cha kupanga ambacho umeme wake tulikuwa tunauchangia, na zilikuwa zimebaki wiki tatu tupige kwenye harusi ya dada wa mwenzetu mmoja. Harusi bila besi ni harusi gani? Hata mashangazi wasingenyanyuka vitini.

Sababu ya kuondoka kwake ilikuwa mimi. Au niseme, kwa kujitetea kidogo, sababu ilikuwa kisanduku nilichokuwa nakikanyaga kwa mguu. Kisanduku hicho kinaitwa fazi. Unachomeka gitaa upande mmoja, upande wa pili unatoa waya kwenda kwenye amplifaya, unakanyaga swichi, na sauti ya gitaa inachanika kama spika iliyopasuka. Noti moja inavuma na kukaa muda mrefu, kama nyuki ndani ya debe. Changu nilikinunua kwa mtu, na aliyekitengeneza alikuwa amefuata mchoro wa zamani wa London bila kubadili kitu. Kilikuwa na besi ya kutisha. Nikigusa nyuzi nene, kioo cha dirisha kinatetemeka.

Mimi nikaona hiyo ndiyo sifa. Sombetini hatuogopi besi. Waliokua hapa mjini enzi za vifodi wanajua: chenye spika kubwa chini ya kiti cha nyuma ndicho kilichogombewa na wanafunzi, hata kama breki zake ni za kuombea dua. Besi kwetu ni heshima. Basi kila nilipokanyaga kile kisanduku nilijiona nimeongeza heshima ya kundi. Kumbe nilikuwa nimekalia kiti cha mtu.

Ndugu msomaji, nilipokwenda kutafuta dawa ya kisanduku hicho nilikuta ndani yake historia ndefu kuliko nilivyodhani, na sehemu ya historia hiyo ni yetu. Ndiyo ninayotaka kuisimulia hapa.

KOSA LILILOACHWA MAKUSUDI

Hadithi inaanzia mbali, katika mji wa Nashville, Marekani. Mwimbaji Marty Robbins alikuwa studio akirekodi wimbo "Don't Worry", uliotoka mwaka 1961. Grady Martin alikuwa akipiga gitaa la besi la nyuzi sita, na njia moja ya mashine ya kuchanganyia sauti ikawa mbovu. Gitaa likatoka limechanika, linakoroma. Watu wa studio wangeweza kufuta na kurudia. Hawakufuta. Wimbo ukatoka na kosa lake, watu wakaupenda, na wanamuziki wengine wakaanza kuuliza sauti ile inapatikana wapi.

Fundi mitambo wa kazi ile, Glenn Snoddy, akakaa na mwenzake Revis Hobbs, wakaunda kisanduku cha transista kinachotoa ule ubovu kwa makusudi. Kampuni ya Gibson ikakiingiza sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Angalia jambo moja hapo: mtoto wa kwanza wa ukoo wa fazi alizaliwa kwenye besi. Hakuzaliwa kwenye solo. Pengine ndiyo maana wajukuu zake wana besi nyingi hivi.

Mwanzoni kisanduku hakikueleweka. Matangazo yalisema kinaweza kulifanya gitaa liige tarumbeta na ala nyingine za kupuliza. Mambo yalibadilika mwaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipokitumia katika "Satisfaction". Yeye mwenyewe alidhani anashikilia tu nafasi ambayo baadaye ingepigwa na wapuliza tarumbeta. Tarumbeta hazikuja. Mwaka huohuo, London, Gary Hurst akatoa fazi yake aliyoiita Tone Bender, na mwaka 1966 kampuni ya Arbiter ikatoa Fuzz Face, ile ya duara kama kitako cha stendi ya maikrofoni. Hiyo ndiyo aliyoikanyaga Jimi Hendrix mpaka dunia ikasikia.

Ukiifungua Fuzz Face ya awali utashangaa. Ndani mna vipande 11 tu vya maana: transista 2, kapasita 3, rezista 4, na nobu 2 za kuzungusha. Redio ya mkulima ina mambo mengi kuliko hayo. Kisanduku changu kilikuwa nakala ya hiyohiyo.

Sasa jiulize, Hendrix alikuwa na watu wangapi jukwaani? Kundi alilolianzisha London mwaka 1966 lilikuwa la watu watatu: yeye na gitaa, Noel Redding na besi, Mitch Mitchell na ngoma. Gitaa moja peke yake ndani ya nyumba kubwa. Likivimba linajaza vyumba vilivyo wazi, na hakuna jirani wa kulalamika. Fazi ile ilifaa nyumba ya namna hiyo.

NYUMBA YA MAGITAA MANNE

Nyumba yetu ilijengwa tofauti. Muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya, ule uliokua miaka ya 1960 na 1970, mara nyingi ulikuwa na magitaa matatu au manne kwa mpigo: solo, gitaa la kati, rithim na besi. Hapo bado hujaweka ngoma, waimbaji na matarumbeta. Kila gitaa lina ghorofa yake. Solo linakaa juu, jembamba na kali. La kati linajibizana nalo. Rithim linasuka mkeka. Besi liko chini, na mara nyingi linaimba wimbo wake lenyewe badala ya kufuata nyayo za wengine.

Atakayesema haya ni mambo ya Dar na Nairobi tu, nimkumbushe Arusha. Mwaka 1970 ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, waliokuwa wamepiga na Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia hapa mjini wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Kenya, na huko jina likawa Simba Wanyika. Kutoka tumbo la Simba Wanyika ikazaliwa Les Wanyika mwaka 1978, iliyotupa "Sina Makosa". Huo wimbo hata mtoto wa leo anaujua. Mwambie mtu auimbe bila maneno, na mara nyingi hatakuimbia solo. Atakuimbia besi ya Tom Malanga. Sasa chukua fazi ya London, iweke kwenye solo la wimbo kama huo bila kuirekebisha. Umemzika Malanga akiwa hai.

Tena kulikuwa na sababu ya pili ya magitaa yetu kutopandana. Bendi nyingi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga zote pamoja, kwa mkupuo mmoja. Hakukuwa na mtu wa kuja baadaye kupunguza besi yako kwa kidole. Mizani ilikuwa mikononi mwa wapigaji wenyewe. Ukizidi, umeharibu kazi ya watu kumi. Kwa hiyo wazee wale walikuwa wanapunguza besi ya magitaa ya juu kwa nobu, kwa kupiga karibu na daraja la gitaa, kwa nyuzi nyembamba. Walikuwa mabingwa wa kuachiana nafasi.

Je, fazi haikufika kwetu? Ilifika, tena nyakati ngumu. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unawaharibu vijana na haufanani na taifa linalojengwa. Pamoja na hayo, miaka ya 1970 Dar ilikuwa na The Sunburst, vijana waliochanganya roki, soul na Kiswahili. Albamu yao, Ave Africa, waliirekodi Zambia na ilitoka mwaka 1976. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, kampuni ya Strut ya London ikakusanya kazi zao na kuzitoa upya, na vijana wa Ulaya wakawa wanatuuliza sisi habari za bendi ambayo wengi wetu hatukuwahi kuisikia. Na huko Zambia kwenyewe fazi ilikuwa imekuwa lugha ya mtaa: WITCH, Amanaz, Paul Ngozi na familia yake ya Ngozi, muziki ambao leo dunia inauita Zamrock. Lakini hesabu watu wao. Makundi yale yalikuwa madogo, gitaa moja au mawili, besi na ngoma. Nyumba ilikuwa na vyumba wazi. Kwenye bendi zetu kubwa za dansi, fazi ilikuta kila chumba kina mpangaji.

Halafu kuna suala la mali. Bendi nyingi za Tanzania za wakati ule zilikuwa chini ya taasisi: NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, kulikuwa na Polisi Jazz, na Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki akihama, anahama na vidole vyake tu. Na ilipofika mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, fedha za kigeni zikawa adimu, chombo kikiharibika hakuna kuagiza kingine. Hapo ndipo fundi redio akawa mtu mkubwa. Yeye ndiye aliyeweka muziki hai kwa kuchomoa kipande hapa na kukipachika pale.

Na Arusha haikuwa nyuma katika mambo ya redio. Mpaka leo ukipanda daladala unaweza kumwambia konda "nishushe Philips". Jina hilo limebaki kutokana na kiwanda cha redio cha Philips kilichokuwa pale. Kiwanda hakipo tena, kituo kipo. Sasa sikia utamu wake: mojawapo ya transista zilizopendwa na watengenezaji wa fazi ni AC128, ya germani, na Philips ya Uholanzi ilikuwa miongoni mwa waliozitengeneza. Haikutengenezwa kwa ajili ya gitaa. Ilikuwa transista ya kusukuma spika za redio ndogo. Kwa maneno mengine, roho ya sauti ile ya London ilikuwa imelala ndani ya redio zilizokuwa zikisoma taarifa ya habari.

KWA FUNDI, MBAUDA

Nilikwenda kwa mzee mmoja anayetengeneza redio karibu na soko la Mbauda. Nilimkuta amezungukwa na maiti za redio kaseti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Redio?"

"Hapana mzee, ni kitu cha gitaa. Kina besi nyingi, nataka ipungue."

Akakifungua, akakitazama, akacheka kidogo. "Hiki si kibovu." Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea kwa fundi wa umeme: "Mko wangapi?"

"Wanne. Watatu. Mpiga besi ameacha."

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniambia kwamba ujanani alipiga rithim, na kwamba katika bendi yao mtu aliyekuwa akiongeza sauti bila kuulizwa alinunuliwa soda na kuambiwa apumzike wimbo mzima. "Adhabu ilikuwa soda," alisema. "Unakunywa huku unawasikiliza wenzako. Ukirudi una akili."

Kisha akanifundisha. Nitajaribu kueleza kama nilivyoelewa, maana nimekuta vijana wengi wanaopiga gitaa wanaogopa kufungua vyombo vyao.

Mawimbi ya noti za chini yana nguvu kubwa kuliko ya noti za juu. Yakiingia kwenye transista pamoja, ya chini ndiyo yanayoijaza kwanza, na yakishaijaza yanayaburuza mengine. Unapata uji. Kwa hiyo ukitaka kupunguza besi ya fazi, usipunguze mwishoni kwenye amplifaya, kwani uji umeshapikwa. Huwezi kuurudisha kuwa unga. Punguza mlangoni, kabla sauti haijachanwa.

Mlangoni kuna kapasita moja. Kazi yake ni kama chekecheke, isipokuwa hii inazuia mawimbi ya polepole na kupitisha ya haraka. Kapasita ikiwa kubwa, inapitisha yote. Ikiwa ndogo, inazuia ya chini. Mchoro wa London umeweka mikrofaradi 2.2. Tuchukue kwamba ukinzani wa mlango ule ni ohm 10,000, kwa makadirio. Ukigawanya 1 kwa 6.28, kwa ukinzani na kwa ukubwa wa kapasita, unapata kiwango ambacho chini yake sauti inaanza kupungua. Kwa 2.2 unapata kama mizunguko 7 kwa sekunde. Uzi mnene kabisa wa gitaa ni mizunguko 82, na uzi mnene wa gitaa la besi ni 41. Yaani mlango ulikuwa wazi kwa vyote, hata kwa migurumo ambayo sikio halisikii kabisa.

Mzee akachomoa ile kapasita, akaweka nyaya mbili fupi zikining'inia nje, akaanza kujaribu moja baada ya nyingine kutoka kwenye kopo lake, nami nikipiga kupitia amplifaya ya redio. Aliweka 0.22, hesabu yake ni kama mizunguko 72. Bado nzito. Akaruka mpaka 0.047, kama mizunguko 340. Sauti ikawa mbu ndani ya chandarua. Akarudi 0.1, kama mizunguko 160.

"Piga tena," akasema. Nikapiga. "Piga kama mwenzako yupo."

Hapo nikashindwa, nikacheza noti chache tu. Yeye kwa mdomo akaanza kuimba besi, ile ya chini, taratibu, akigonga meza kwa kidole. Na kwa mara ya kwanza nikasikia vitu viwili: solo langu linachanika juu kama nilivyokuwa nalitaka, na chini yake kuna nafasi. Nafasi ile ndiyo iliyokuwa ya mwenzangu siku zote.

Akalehemu kapasita ya 0.1. Ile kubwa akanipa mkononi. Nilipomuuliza bei alitaja kiasi kidogo kuliko nauli yangu ya wiki.

BAADA YA HAPO

Nilimfuata mpiga besi kwao. Sikuwa na hotuba. Nilibeba kisanduku na gitaa, nikamwomba aje asikilize mara moja, asipoona tofauti basi. Alikuja Alhamisi, akasimama mlangoni na gitaa mfukoni, hajalitoa. Tukapiga wimbo mmoja bila yeye. Katikati ya wimbo wa pili nikaona anafungua zipu.

Harusi tulipiga. Mashangazi walinyanyuka. Sitasema kwamba mambo yote yalirudi kama zamani, maana sipendi hadithi za namna hiyo. Siku alizokaa nyumbani kwaya moja ilikuwa imemchukua, na kwaya inalipa nauli, sisi hatulipi. Kwa hiyo Jumapili yuko kanisani na Alhamisi yuko na sisi. Ningefungua kile kisanduku mwezi mmoja mapema, pengine angekuwa nasi siku zote mbili. Hilo nimelikubali.

Nashville waliliacha kosa likazaa sauti mpya. Mzee wa Mbauda akalipunguza kosa hilohilo ili watu waweze kukaa pamoja. Sioni kama wanapingana. Wote walisikiliza kwanza, ndipo wakaamua. Nami nilikuwa napiga tu.

Ninyi mnaoleta mashairi na hadithi kwenye kurasa hizi mtajua wenyewe mnakoweka kapasita zenu. Mimi ile ya mikrofaradi 2.2 nimeitundika kwenye uzi juu ya meza ninayoandikia. Makala haya yalikuwa marefu zaidi. Nimeiangalia mara mbili tatu, nikakata.